Ukisafiri nje wakati wa janga ukitokea Tanga: hesabu zisizoandikwa kwenye tiketi

Mtu akikuuliza kwenda Muscat, Oman, wakati wa janga ni shilingi ngapi, usimtajie bei ya tiketi ukanyamaza. Tiketi ni sehemu ya hesabu iliyo wazi. Wakala yeyote wa Ngamiani atakusomea kwenye simu yake. Kinachomaliza mfuko ni saa: saa za kusubiri majibu ya kipimo, usiku wa ziada Dar es Salaam, siku za karantini, na cheti kinachoisha muda wake basi likiwa bado Segera. Ndiyo maana mwongozo huu unahesabu kuanzia siku ya ndege na kurudi nyuma hadi mlangoni kwako.

Mifano mingi nimeichukua kwenye korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura 30 Januari 2020 na kuiondoa 5 Mei 2023, na katikati hapo masharti ya safari yalipanda na kushuka kama bei ya nyanya Mgandini. Lakini milipuko haikuishia hapo. Marburg iliingia Kagera Machi 2023, ikazuka tena Biharamulo Januari 2025. Mpox ilitangazwa dharura ya kimataifa Agosti 2024, na mgonjwa wa kwanza wa Kenya aligunduliwa Taveta, mpakani na kwetu, mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Kagera iko upande wa pili wa nchi, ila afisa wa uwanja wa ndege wa ng'ambo hapimi umbali kwenye ramani. Anaona pasipoti ya Tanzania, basi.

Nitamtumia msafiri mmoja wa kubuni: mama wa Makorora ambaye binti yake yuko Muscat na siku zake za kujifungua zimekaribia. Mama anakwenda kumlea arobaini yake. Safari za namna hii ndizo zinazoumizwa zaidi na janga. Mfanyabiashara anaweza kusogeza safari yake mwezi mmoja, mtoto hasogezwi.

Hatua ya 1: Soma masharti ya nchi tatu

Ya kwanza ni nchi unayokwenda. Ya pili ni unayopitia, hata kama utakaa saa mbili tu ukibadili ndege. Ya tatu ni Tanzania, kwa kuwa ipo siku utarudi, na masharti ya kuingia kwetu yanamhusu Mtanzania pia.

Kwa kila nchi, chukua karatasi uandike majibu ya maswali haya: wanataka kipimo cha aina gani, PCR ya maabara au kile cha haraka? Saa za kipimo zinahesabiwa tangu lini, na hadi lini? Cheti kiwe kwa lugha gani, na lazima kiwe na msimbo wa QR? Nani wanasamehewa: watoto wa umri gani, waliochanjwa chanjo ipi, wenye ukaazi? Swali la mwisho watu hulipita haraka, na ndilo lililowakwamisha wengi. Tangu 8 Aprili 2021 Oman iliruhusu kuingia raia wake na wenye ukaazi tu. Kwa sharti hilo peke yake, binti mwenye ukaazi angeweza kurudi kwake. Mama yake mwenye viza ya kutembelea angebaki Makorora na mizigo yake.

Andika na tarehe uliyoyasoma. Ona mambo yalivyokwenda mwaka mmoja tu. Uingereza ilizuia wasafiri wanaotoka Tanzania kuanzia 22 Januari 2021. Oman ilianza kudai karantini ya hotelini kwa gharama ya msafiri katikati ya Februari, na kabla mwezi haujaisha ikaiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wanaotoka humo hawakuruhusiwa kuingia. Falme za Kiarabu zikasimamisha wasafiri wa kutoka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Nigeria sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo. Aliyesoma masharti siku ya kukata tiketi na asirudi kuyasoma tena alikuwa anasafiri na habari za zamani. Soma siku ya kukata, soma wiki moja kabla, soma tena asubuhi ya kuondoka Tanga.

Kuna jambo jingine ambalo wakala hakwambii. Anayekuamulia kama unapanda au hupandi ni mfanyakazi wa kaunta ya shirika la ndege, wala si ubalozi, na yeye anasoma mfumo unaoitwa Timatic wa chama cha mashirika ya ndege, IATA. Akikupandisha ukakataliwa kule, shirika lake ndilo linaloingia gharama ya kukurudisha, kwa hiyo hana huruma na maelezo. Piga simu kwa shirika lenyewe, taja pasipoti yako, aina ya viza na nchi unayopitia, uombe wakusomee kilichoandikwa humo. Alichokutumia binti kwa WhatsApp, au alichosema jirani aliyerudi juzi, ni habari njema, lakini kaunta haiipokei.

Hatua ya 2: Hesabu saa kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo penye kazi, na hapa mtu wa Tanga ana tabu kuliko mtu wa Dar es Salaam.

Tuseme Muscat inataka PCR ya ndani ya saa 72. Ndege ya mama inaondoka Dar es Salaam Jumamosi saa 10 alasiri na kutua kule yapata saa 3 na nusu usiku kwa saa zetu; saa zao zimetangulia zetu kwa moja. Kama saa 72 ni za kabla ya kuondoka, pamba inaweza kuingia puani kuanzia Jumatano saa 10 alasiri. Kama ni za kabla ya kufika, ni kuanzia Jumatano saa 3 na nusu usiku, na kwa kuwa usiku huo hakuna anayekungoja na pamba, maana yake ni Alhamisi asubuhi. Tofauti ya maneno mawili tu kwenye sharti inakuchukulia karibu siku nzima. Kumbuka pia kwamba mara nyingi saa huanza kuhesabiwa sampuli ilipochukuliwa. Wapo wanaofurahi kupata majibu Ijumaa wakidhani wana saa 72 mpya kuanzia hapo. Hawana.

Sasa rudi nyuma zaidi. Sampuli Alhamisi asubuhi, majibu Ijumaa kama mambo yamenyooka, ndege Jumamosi. Mama awe wapi Jumatano usiku? Ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupima Tanga. Kabla ya kuichagua, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo ukaulize jambo moja: sampuli ya msafiri inapimwa hapahapa, au inachukuliwa hapa na kupelekwa maabara ya Dar es Salaam? Kama inapelekwa, sampuli yako na wewe mtapita barabara ileile, na yeyote kati yenu anaweza kuchelewa. Uliza pia kama wanachukua sampuli mwisho wa wiki na sikukuu. Mtu mwenye ndege ya Jumatatu ndiye anayeumia hapa.

Njia ya pili ni kuteremka Dar es Salaam mapema na kupima huko. Mimi ningempeleka mama kwa njia hii, ijapokuwa kwa karatasi inaonekana ghali. Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi. Ukipanda basi Kange asubuhi, siku yako imekwisha. Mabasi mengi yanakushusha Mbezi kwenye stendi ya Magufuli, na kutoka Mbezi hadi uwanja wa ndege ni safari nyingine yenye foleni zake. Kwa hiyo Jumatano alale Dar, Alhamisi apime, Ijumaa asubiri, Jumamosi aruke. Usiku 3. Chukua bei ya gesti ya usiku mmoja, chakula cha siku moja na nauli za mjini, uzidishe kwa 3. Kama mama hawezi kutembea Dar peke yake, zidisha tena kwa 2, kwa kuwa lazima mtu amsindikize, na huyo msindikizaji ana nauli ya kurudi Tanga na siku za kazi anazopoteza. Mwenye ndugu wa kumpokea Mbagala au Tabata amepunguza sana. Lakini uliza mapema kama nyumba ina mgonjwa. Kulala chumba kimoja na mwenye kikohozi siku mbili kabla ya kipimo ni kucheza kamari na tiketi.

Tengeneza pengo la siku moja lisilo na kazi yoyote. Mashine huharibika, mtandao hukatika, jina huandikwa vibaya. Pengo hilo ni gharama halisi, liandike kwenye bajeti kama unavyoandika nauli.

Kuna mtego wa saa unaotunasa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi na cheti cha maabara vinatumia saa 24. 16:00 ni saa 10 alasiri, hilo wengi wanalijua. Kinachowapoteza ni ndege ya usiku. Ikiandikwa 00:45 tarehe 12, maana yake ni usiku wa tarehe 11 kuamkia 12; uwe uwanjani tarehe 11 kabla ya saa 4 usiku. Anayekwenda uwanjani tarehe 12 jioni anakuta ndege imeondoka zamani, na cheti chake cha saa 72 kimeondoka nayo.

Na hesabu vichwa. Kipimo hulipiwa kwa kila mtu. Mzazi mwenye watoto watatu asome sharti la umri la kila nchi, kwani anayesamehewa unakokwenda anaweza asisamehewe unakopitia.

Hatua ya 3: Chagua mlango, Dar es Salaam au Mombasa

Wakati wa amani, mtu wa Tanga anayeutamani uwanja wa Mombasa ana haki. Mpaka wa Horohoro uko jirani, na kuanzia Lunga Lunga upande wa Kenya unapita Msambweni na Ukunda hadi Likoni. Ni karibu nusu ya njia ya kwenda Dar es Salaam, na wengi wetu tuna shangazi au mjomba upande ule. Wakati wa janga, sifa hiyo inageuka.

Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo. Madereva wa malori wakapimwa na kukaa foleni mpakani. Abiria wa kawaida hakuwa na foleni ya kukaa. Agosti mwaka huohuo Kenya ilipofungua anga, Tanzania haikuwamo kwenye orodha ya kwanza ya nchi zilizoruhusiwa, nasi tukajibu kwa kuizuia Kenya Airways kuanzia 1 Agosti. Zuio hilo liliondolewa katikati ya Septemba. Mwenye tiketi ya kupitia Nairobi wiki hizo hakuwa na ugonjwa wala kosa. Alikuwa katikati ya serikali mbili. Baadaye, mwaka 2021, Kenya ikataka cheti cha PCR kiwe kimehakikiwa kwenye mfumo wa Afrika wa Trusted Travel na kupewa namba ya TT. Mtu alikuwa na majibu safi mkononi na bado anarudishwa kwa kukosa namba.

Kwa hiyo hesabu ya Mombasa ina vitu hivi: kipimo au cheti cha kuingia Kenya, pengine kipimo kingine cha kuingia unakokwenda, kubadili shilingi zetu kwa shilingi za Kenya mpakani kwa bei ya mwenye noti, malazi Mombasa ukisubiri, na kivuko cha Likoni, ambacho wakati wa korona msongamano wake uliwafanya Wakenya wajenge daraja la kuelea la Liwatoni kwa waenda kwa miguu. Ukijumlisha, mara nyingi Dar es Salaam ndiyo rahisi. Ningechagua Mombasa kwa sababu moja tu: kama tiketi ya kutokea huko ni nafuu kwa kiasi kinacholipa kipimo cha pili na malazi, na mpaka uko wazi kwa abiria, umehakikisha wiki hiyohiyo.

Njia za panya usiziguse. Mkinga wanazijua, na majahazi ya kwenda Vanga hayajaacha kuelea. Lakini ukitoka bila muhuri wa Horohoro, uhamiaji wa uwanja wa Mombasa watakuuliza uliingia Kenya lini na wapi, na jibu huna. Faini, kuzuiliwa na ndege iliyokwenda bila wewe ni ghali kuliko nauli zote mbili.

Zipo pia ndege ndogo zinazotoka Tanga kwenda Dar es Salaam na Zanzibar. Zinaokoa siku ya basi. Ila hazipokei mizigo mingi, na mama anayekwenda kulea arobaini hasafiri mikono mitupu: kanga, mdalasini, pilipili manga ya uji, mafuta ya nazi. Apime begi nyumbani kwanza.

Hatua ya 4: Karatasi

Pasipoti kwanza, kwa kuwa ndiyo inayochukua muda. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kuisha. Janga likifunga ofisi au kupunguza watumishi, foleni huwa ndefu. Usingoje viza itoke ndipo ugundue pasipoti inakaribia kufa.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano haihusiani na janga lililopo, lakini kwenye kaunta inaulizwa kwa sauti ileile. Chanjo hiyo inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 11 Julai 2016 kadi ni ya maisha. Mtu akikwambia kadi yako ya mwaka 2012 imekwisha muda na anaweza kukusaidia kupata mpya, jua ni biashara yake. Wanaokwenda umra au hija waongeze chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika.

Chanjo ya janga lenyewe ina mambo yake. Hapa kwetu chanjo ya korona ilianza kutolewa mwishoni mwa Julai 2021, kwa Janssen ya sindano moja. Baadaye zikaja nyingine. Nchi hazikutambua chanjo zote sawasawa, na baadhi zilihesabu siku 14 baada ya sindano ya mwisho ndipo wakuite umechanjwa. Kwa hiyo unapochagua chanjo ukiwa na safari mbele, uliza mambo mawili kabla ya kukunja mkono wa shati: inatambuliwa ninakokwenda? Nitakamilisha lini?

Majina sasa. Watu wa pwani tuna mtindo wa kuwa na jina la nyumbani, jina la chuoni na jina la pasipoti. Cheti cha kipimo, kadi ya chanjo, viza na tiketi viandikwe kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi. Asha binti Mwinyi na Asha Mwinyi ni mtu mmoja Makorora; kwenye mashine ni watu wawili. Soma jina lako kwa muuguzi kabla hajaondoka na chupa.

Usikubali cheti cha kununua. Panapo foleni pana kishoka, na wakati wa korona walikuwapo kila penye mlango. Msimbo wa QR unasomwa palepale kaunta, na cheti kisichotokea kwenye mfumo kinakugeuza kutoka msafiri kuwa mtuhumiwa. Wakati ule ulijiandikisha mtandaoni, ukapewa namba ya malipo, ukalipa benki au kwa simu. Ukiona mtu anataka fedha taslimu mkononi bila namba ya malipo, ondoka.

Mwisho, chapisha kila kitu nakala mbili. Bado kuna maafisa wanaotaka karatasi, na simu huzimika.

Hatua ya 5: Kata tiketi kana kwamba itabadilika

Wakati wa janga, tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuwa haibadiliki wala hairudishwi. Muulize wakala maswali haya na akujibu kwa maandishi. Nikibadili tarehe, nalipa ada tu au na tofauti ya nauli? Mashirika mengi yalitangaza kubadili bila ada, na ni kweli ada haikuwapo. Ila nauli ya tarehe mpya ilikuwa juu na tofauti ililipwa na abiria. Ndege ikifutwa, narudishiwa fedha au napewa hati ya kusafiri siku nyingine? Hati hiyo ina mwisho wake lini? Na fedha ikirudishwa, inarudi kwangu au kwa wakala kwanza? Nimeona watu wakizunguka miezi kati ya wakala na shirika, kila mmoja akimwelekeza kwa mwenzake. Kama unaweza kulipa moja kwa moja kwa shirika, lipa huko.

Kata safari yote kwenye tiketi moja. Ukikata vipande viwili ili kuokoa, ukifika katikati unatakiwa kuingia nchi ile, uchukue mizigo, utimize masharti yao yote, upange foleni upya. Kipande cha kwanza kikichelewa, cha pili hakikungoji.

Bima soma sehemu ya yasiyolipwa kabla ya sehemu ya yanayolipwa. Sera nyingi za safari zilikuwa zinaondoa majanga kabisa. Nyingine zilitibu ugonjwa lakini hazikulipa usiku wa karantini wala tiketi mpya. Oman kwa kipindi ilidai bima inayogharamia matibabu ya korona kwa mwezi mzima. Mama akija na bima isiyotaja korona ni kama hana.

Kwa wanaotaka kwenda hija, neno moja la ziada. Mwaka 2020 Saudi Arabia iliruhusu watu wachache tu waliokuwa ndani ya nchi. 2021 ikawa 60,000, nao wa ndani tu. 2022 ilipofungua kwa watu milioni 1, iliweka mpaka wa umri: chini ya miaka 65. Wapo wazee waliodunduliza miaka, wakangoja miaka miwili mlango ufunguliwe, ukafunguliwa wao wakiwa wamevuka umri. Unapoweka amana kwenye taasisi ya hija, omba mkataba useme fedha inarudi vipi na baada ya siku ngapi ikiwa Saudi Arabia yenyewe imefunga.

Hatua ya 6: Weka fungu la karantini kando

Fungu hili liwe mbali na fedha ya matumizi, na usilihesabu kama akiba. Oman ilipoanza kudai karantini ya hotelini, msafiri alilipia mwenyewe usiku 7. Uingereza ilimtoza mtu mzima mmoja pauni 1,750 kwa siku 10, ikapandisha hadi pauni 2,285 Agosti 2021, na Tanzania ilikuwa kwenye orodha yao nyekundu hadi Oktoba. Zaidi ya tiketi ya kwenda na kurudi kwa wengi wetu.

Kwa mama wa Makorora, siku 7 kati ya 40 zinakwenda kwenye chumba cha hoteli, na binti yuko upande wa pili wa mji na kichanga. Kwa hiyo asihesabu tarehe ya kuwasili. Ahesabu tarehe ya kutoka karantini, na aondoke Tanga wiki mbili kabla ya siku anazotarajia binti. Uzazi ukitangulia, awepo mtu mwingine kule wa kushika siku za mwanzo. Zungumzeni hili mapema na upande wa mume, ili isije ikaonekana mama hakutaka kufika.

Hoteli ya karantini ulizia yafuatayo: bei ina milo mitatu? Ina kipimo cha kutokea? Ina usafiri wa kutoka uwanjani? Mara nyingi yanayokosekana hapo ndiyo yanayouma. Beba dawa za presha au sukari za siku zote za safari na wiki mbili juu yake, kwenye begi la mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Nunua laini ya simu ya kule mapema iwezekanavyo. Kupiga kwa laini ya Tanzania ukiwa nje humaliza salio kabla ya salamu kwisha.

Hatua ya 7: Amua sasa utafanya nini majibu yakiwa mabaya

Watu wengi hawataki hata kulitaja. Lipangie tu. Ukikutwa Dar es Salaam na maambukizi, nani atakulaza, nani atakuletea chakula, na tiketi inasogezwa kwa masharti gani? Fahamu kwamba PCR inaweza kuendelea kuonyesha mabaki ya virusi wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa sababu hiyo nchi nyingine zilikubali cheti cha kupona badala ya kipimo safi. Uliza kama unakokwenda wanakikubali na kama daktari hapa atakuandikia. Ukikutwa kule, uwe na fedha ya wiki mbili ambayo hukupanga kuigusa.

Hatua ya 8: Kurudi kuna bei yake

Safari ya kurudi ndiyo ambayo watu husahau kuiwekea fedha. Kuanzia Mei 2021 Tanzania ilitaka anayeingia awe na PCR ya ndani ya saa 72, na alipimwa tena kipimo cha haraka uwanjani, ambacho kwa muda kililipiwa dola 10. Waliochanjwa kikamilifu walisamehewa kipimo Machi 2022. PCR ya kurudi unaifanya kule, kwa bei ya kule, kwa fedha ya kule. Uliza bei hiyo kabla ya kuondoka Tanga, uiandike.

Kulikuwa pia na fomu ya mtandaoni ya Afya Msafiri, iliyojazwa ndani ya saa 24 kabla ya kufika, ikatoa namba ya kuonyesha. Fomu kama hiyo ikidaiwa, ijaze ukiwa na intaneti ya uhakika, kabla ya kwenda uwanjani, na uhifadhi picha yake kwenye simu. Anayekwenda Zanzibar aangalie masharti ya huko peke yake. Si lazima yafanane na ya bara.

Ndege ikitua usiku, basi la Tanga ni la asubuhi. Weka fedha ya usiku huo mmoja na ya teksi ya Mbezi, kwa shilingi, mahali ambapo hukuzigusa ukiwa kule. Kubadili dola usiku uwanjani kunakugharimu.

Risiti zote za vipimo, hoteli na tiketi zilizosogezwa ziingie bahasha moja. Bima na mashirika yana muda wa mwisho wa kupokea madai, na muda huo unahesabiwa tangu tukio, hausubiri upumzike. Dai lako liwe limetumwa ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi, na nakala ibaki kwako.